Jamu ya Kutoka Uholanzi

Nyamizi alijifunza kupika jamu ya stroberi Lushoto, miaka ile mume wake Josia alipokuwa bwana misitu huko. Mwenye nyumba wao alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Anyes, na jikoni kwake hapakukosa chupa za jamu nyekundu zimepangwa dirishani. Josia alipohamishiwa Bariadi, Nyamizi alirudi Usukumani na miche ya stroberi imefungwa kwenye gunia lenye unyevu. Aliipakata mapajani njia nzima, maana hakumwamini kondakta wa basi.

Watu walimcheka. Bariadi ni nchi ya jua na pamba, na hata Josia, ambaye miti ndiyo kazi yake, alimwambia asijisumbue. Nyamizi hakubishana naye. Alitoboa ndoo mbovu chini, akazijaza udongo na samadi ya ng'ombe, akazipanga ubavuni mwa nyumba ambako jua la mchana halifiki, akazifunika na chandarua chakavu kwa ajili ya ndege. Kwa kuwa maji ya bomba katika mtaa wao wa Malambo huja kwa mgao, alimwagilia maji aliyooshea mchele. Mwaka wa kwanza miche karibu yote ilikufa. Ile michache iliyobaki ikatoa vikonyo vya kutambaa, vikaota mizizi, na baada ya misimu miwili ubavu wote wa nyumba ulikuwa kijani.

Matunda yake yalikuwa madogo, makubwa yake hayazidi ncha ya kidole gumba. Lakini yalikuwa mekundu mpaka ndani, na siku akipika, majirani waliulizana ng'ambo ya ukuta ni kitu gani kile kinachonukia.

Dada yake mkubwa, Perpetua, aliishi Somanda, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye geti na vigae vya kung'aa. Mume wake Deogratias alikuwa mnunuzi wa pamba, na mambo yao yalikuwa yamewanyookea. Dada hao wawili walizaliwa Shishiyu, wakalala kitanda kimoja, wakachunga mbuzi pamoja, wakapigwa na mama yao kwa makosa yale yale. Perpetua alipopata, hakumtupa mdogo wake. Hilo Nyamizi mwenyewe hakulikana kamwe. Ila kadiri miaka ilivyokwenda, Perpetua alianza kuyaonea haya mambo ya nyumbani. Alikuwa akijibu kwa Kiswahili mtu akimsalimu kwa Kisukuma. Mama yao alipokuja kumtembelea na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, Perpetua aliupokea kwa mikono miwili, kisha akauficha stoo.

Mwezi wa saba, wazazi wa Tumsifu walitoa taarifa kwamba wanakuja kutoka Dar es Salaam kujitambulisha. Tumsifu ndiye kijana aliyetaka kumuoa Precious, binti wa kwanza wa Perpetua. Wageni wangelala hoteli, kisha asubuhi wapate chai nyumbani kwa Perpetua kabla wazee hawajakaa kuzungumza. Perpetua alimpigia mdogo wake simu, sauti yake ikiwa laini kama ya zamani. Alimwomba jamu. Alisema watu wa Dar hawali mkate mkavu, na kwamba katika mji mzima hakuna jamu inayoifikia jamu ya Nyamizi.

Maneno hayo yalimwingia Nyamizi. Jamu yake watu walikuwa wakiila wakashukuru, lakini dada yake hakuwahi kuisifu. Alikata shauri kwamba stroberi zote za msimu ule ziende kwa Precious. Hata Milembe, binti yake mwenyewe, alikatazwa kuchuma hata moja.

Precious alikuja Ijumaa kumsaidia kuchuma. Alikuwa msichana mpole, mwalimu wa shule ya msingi, na alimpenda mama yake mdogo tangu utotoni. Walichuma umande ukiwa bado haujakauka, wakaosha matunda kabla ya kuyatoa vikonyo ili yasinywe maji, wakayakata nusu nusu na kuyalaza ndani ya sukari. Asubuhi ya Jumamosi matunda yalikuwa yanaogelea kwenye maji yake yenyewe, mekundu kama kitambaa kipya. Nyamizi aliyabandika kwenye sufuria pana juu ya mkaa, akakamulia ndimu, akawa anakoroga kwa mwiko huku Precious akiengua povu. Nyamizi hakuwa na haraka. Alidondosha tone kwenye kisosi kilichokaa ndani ya maji baridi, akalisukuma kwa kidole. Lilipojikunja juu kama ngozi ndipo akaipua. Chupa zilikuwa zimekwisha kuchemshwa. Walizijaza jamu ikiwa ya moto, wakazifunga na kuzipindua juu ya kitambaa.

Jioni, zilipopoa, Nyamizi alikata karatasi nyeupe na kuandika kwa mkono wake: Jamu ya Stroberi, imepikwa na Nyamizi, Bariadi. Alizibandika kwa gundi moja moja. Precious alimwambia zinapendeza. Wakazipanga kwenye boksi, na Precious akaondoka nazo kwa bajaji, amelikumbatia boksi kama mtoto.

Jumapili Nyamizi alisali misa ya kwanza, akaenda moja kwa moja Somanda kusaidia jikoni. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Kitu cha kwanza alichokiona ni chupa zake. Zilikuwa kwenye sinki, tupu, zimejaa maji ya sabuni, na karatasi zake zimebanduka zinaelea, wino umechuruzika.

Alidhani zimevunjika. Alidhani jamu imeharibika. Kisha akaona juu ya meza chupa nyingine, zimekaa safu kwenye sinia lenye kitambaa cha kufumwa. Zilikuwa chupa za nje, zenye mifuniko ya rangi ya dhahabu na picha ya nyumba ya kizungu kando ya mto, na maandishi ya lugha asiyoijua. Ndani yake kulikuwa na jamu yake. Hakuhitaji kuionja.

Perpetua aliingia akifunga saa mkononi. Alipoona macho ya mdogo wake yako wapi, aliufunga mlango wa sebuleni.

"Usinielewe vibaya," alisema. "Wale ni watu wenye macho. Ukiwawekea chupa za maandishi ya kalamu watasema tumeshindwa kununua."

Nyamizi alimuuliza chupa zile kazitoa wapi. Perpetua alisema alikuwa akizitunza tangu zamani, mume wake aliwahi kuletewa na tajiri mmoja wa pamba, na kwamba jamu ni ile ile, kilichobadilika ni nguo tu. Aliongea haraka haraka, huku akiwaonyesha wasichana wa kazi pa kuweka vikombe. Mwishoni alimwomba Nyamizi asitoke na vyakula mezani. Abaki jikoni asimamie chapati, kwa sababu yeye ni mtu wa kusema, na siku ya leo haitaki maneno.

Nyamizi alifunga kitambaa kichwani na kushika mwiko wa chapati. Moyo wake ulikuwa unawaka, lakini alijiambia ni siku ya mtoto. Jambo la dada na dada lingesubiri wageni waondoke.

Wageni walikuja wakiwa wanne: Tumsifu, baba yake, mama yake na shangazi mmoja mnene mwenye kicheko. Mlango wa jikoni ulikuwa umeachwa wazi kidogo ili vyakula vipite, na Nyamizi alisikia kila neno. Walisifu supu. Walisifu maziwa. Kisha kikasikika kisu kikikwangua mkate, na Mama Tumsifu akauliza jamu hii imetoka wapi, maana tangu azaliwe hajala jamu yenye ladha ya tunda lenyewe namna hii.

"Hiyo ni ya Uholanzi," Perpetua alijibu. "Baba Precious huletewa na rafiki zake."

Mama Tumsifu alisema alijua tu. Akageuza chupa, akajaribu kuyasoma maandishi, wakacheka pamoja. Shangazi akauliza kama hapa Bariadi matunda yanapatikana.

"Matunda gani, mama," Perpetua alisema. "Huku kwetu ni pamba na miiba. Cha kula mtu ukitaka kizuri, mpaka uagize."

Nyamizi aliuweka mwiko chini. Kule kubadilishiwa chupa alikuwa amekumeza. Hata ule Uholanzi angeumeza. Lakini kusikia dada yake, mtoto wa Shishiyu aliyekuzwa kwa mtama, maziwa na embe za nyumba ya baba yao, akiitukana nchi iliyomlea mbele ya watu aliowajua juzi, tena mdomo wake una utamu wa tunda la nchi hiyo hiyo, hilo lilikataa kushuka. Alifungua mlango, akaingia sebuleni na kitambaa chake kichwani na unga mikononi.

Alipiga magoti kidogo kuwasalimu wageni, kama inavyostahili. Waliitikia kwa heshima. Kisha akasimama wima na kumtazama Mama Tumsifu.

"Mama, mimi ni Nyamizi, mdogo wake Mama Precious. Hiyo jamu nimeipika mimi jana, kwenye jiko la mkaa. Stroberi zake zimeota nyumbani kwangu, hapa hapa Bariadi."

Deogratias alikiangalia kikombe chake. Mama Tumsifu alikuwa bado ameshika chupa, akamtazama Nyamizi, akaitazama picha ya nyumba kando ya mto, akamtazama tena Nyamizi.

Perpetua akacheka. Hakikuwa kicheko cha kujilazimisha. Kilikuwa chepesi, cha mwenyeji aliyezoea wageni.

"Mtamzoea huyu," alisema. "Mdogo wangu anapenda utani sana. Akija Dar atawaambia na bahari kachimba yeye."

Shangazi mnene akaangua kicheko, akapiga goti lake. Baba Tumsifu naye akacheka, na Tumsifu akatabasamu, na Mama Tumsifu akaweka chupa chini akicheka kwa sauti ya mtu aliyepumua. Wakasema watu wa huku ni wacheshi, walikuwa hawajui.

Nyamizi hakumwangalia dada yake tena. Alimwangalia Precious. Msichana alikuwa amekaa karibu na mchumba wake, amevaa gauni la kitenge jipya, na kwenye kidole chake cha shahada, kando ya kucha, palikuwa na doa jekundu la kuchuma stroberi ambalo sabuni ilikuwa haijalitoa. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Kweli, mama mdogo ndiye kapika. Basi. Precious aliinamisha macho kwenye sahani yake, akakata chapati vipande vidogo vidogo, na hakuvila.

Nyamizi alitoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Hakuaga. Alikwenda kwa miguu mpaka Malambo, jua likimchoma utosini, na njiani watu waliomsalimu "mwangaluka" aliwajibu bila kuwaona.

Josia alipoambiwa, alisikitika, kisha akasema kwamba jamu ni jamu tu, aachane nao. Nyamizi alimwambia kwamba kama angekuwa ameibiwa mbuzi wangekwisha kwenda kwa mtendaji, lakini kwa kuwa ameibiwa kazi ya mikono yake mbele ya macho yake na kuchekwa juu yake, basi ni jamu tu. Josia aliona afadhali akakague ndoo.

Jioni ile ile gari la Deogratias lilisimama nje. Alishuka Perpetua peke yake. Mazungumzo ya wazee yalikuwa yamekwenda vizuri, posa imepokelewa, na uso wake ulikuwa umenawiri kwa furaha. Aliongea kana kwamba asubuhi haikuwepo. Wageni wanaondoka kesho kutwa, alisema, na Mama Tumsifu ameomba chupa kadhaa za kuwapelekea ndugu zake. Alikuwa amekuja na zile chupa za mifuniko ya dhahabu, zimekwisha kuoshwa, ndani ya kikapu. Alimwomba Nyamizi achume zilizobaki na kuzijaza.

Nyamizi hakukigusa kikapu.

"Walete wageni hapa," alisema. "Waione miche, wachume wenyewe, nitawapikia wakitazama. Watabeba kadiri watakavyo."

Perpetua aliuliza kama amerukwa na akili. Alisema atamwambia nini mama wa watu, kwamba alimdanganya? Nyamizi alimjibu kwamba ndiyo, atamwambia hivyo hivyo. Hapo Perpetua akabadilika. Alisema huo ni wivu, kwamba Nyamizi hajawahi kufurahia mambo ya dada yake, kwamba anataka kuvunja ndoa ya mtoto kwa ajili ya vijitunda vya kwenye ndoo. Akaondoka na kikapu chake.

Hata gari halijafika Somanda, simu ya Nyamizi iliita. Alikuwa Luhaga, kaka yao mkubwa, anayekaa kwenye mji wa marehemu baba yao kule Shishiyu. Alikuwa amekwisha kusikia maelezo ya upande mmoja. Alimwambia Nyamizi kwa sauti ya pole pole kwamba yeye ndiye mdogo, amwombe dada yake msamaha na kumpikia jamu, mambo yaishe. Wageni hawafundishwi matatizo ya nyumba.

Nyamizi alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama atakuja mtu zizini kwake, amtie fahali wake chapa ya zizi lingine, akamwonyeshe kwa wageni kama wa kwake, na Luhaga akisema huyu ni wangu watu wakamcheka, je, ni nani anayetakiwa kuomba msamaha. Luhaga alisema ng'ombe ni jambo jingine.

"Kwako ni jingine, kaka," Nyamizi alisema. "Kwangu ni lile lile."

Hakupika. Wageni waliondoka bila jamu, na Perpetua aliwaambia mzigo wa Uholanzi umechelewa. Nyamizi alipika stroberi zilizobaki kwa ajili ya Milembe, na wakaila pamoja na Josia. Haikuwa na utamu wowote mdomoni mwake.

Siku chache baadaye Precious alikuja. Alisimama mlangoni na kusema "shikamoo, mama mdogo" mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakusikika. Nyamizi alimkaribisha kigoda. Msichana alilia, akasema aliogopa. Mama yake alikuwa amemtazama, na maneno yakagoma. Nyamizi alimpenda mtoto yule, na ilimuuma kumwona analia, lakini hakumbembeleza kama zamani. Alimwambia kwamba anakwenda kuishi na watu wale maisha yake yote, na kila watakapomuuliza ametoka wapi itabidi aamue kama ni aibu au si aibu. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuamua mara moja. Kama ataamua vingine, ni juu yake. Precious alifuta machozi, akashukuru, "wabeja, mayu", kwa Kisukuma ambacho kwao hakikuongelewa, akaenda zake.

Precious alimwambia Tumsifu. Tumsifu alimwambia mama yake. Nyamizi alijua hivyo pale namba asiyoijua ilipompigia mchana mmoja akiwa anamwagilia. Alikuwa Mama Tumsifu, na sauti yake haikuwa ya kicheko. Alisema amefedheheka sana. Alikuwa amewasifia watu hadi kanisani jamu ya Uholanzi, na sasa anasikia mambo mengine. Aliuliza kwa nini waliachwa wadanganywe mezani kama watoto, na Nyamizi yupo.

Nyamizi alisikia damu ikimpanda. Hata huyu alikuwa amekuja kudai.

"Nilikuambia, mama," alisema. "Nilisimama mbele yako nikakuambia. Mkacheka."



"Kweli," Mama Tumsifu alisema hatimaye. "Tulicheka." Akasema kwamba hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe, wala si la mtu mwingine, na akaomba radhi. Hakuomba jamu. Nyamizi alimshukuru kwa hilo kuliko kwa radhi yenyewe.

Uchumba haukuvunjika. Wala hakuna aliyeurudisha nyuma hata kwa wiki moja. Kile ambacho Perpetua alikiogopa kuliko vyote, kujulikana kwa ule uongo, kilifika, kikakaa, kikaondoka, na watu wa Dar es Salaam wakaendelea na maandalizi ya harusi.

Perpetua alikuja kwa Nyamizi mvua za kwanza zilipoanza, akiwa kwa miguu. Alikaa kibarazani, akaongea juu ya bei ya pamba na mgongo wa mama yao. Nyamizi alimpa chai, na dada yake aliinywa yote. Ndipo akasema, akitazama barabara, kwamba alidhani wale watu wangewadharau.

"Hawakupata nafasi, dada," Nyamizi alimwambia. "Uliwatangulia."

Perpetua alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Alikaa kidogo zaidi, akaaga. Neno samahani hakulisema siku ile, na hajalisema mpaka leo. Nyamizi alikwenda harusini, akavaa sare ya familia kama wengine, akacheza Precious alipoingia ukumbini, na akapiga vigelegele vya kweli kwa ajili yake. Yeye na Perpetua husalimiana, huulizana hali ya mama, na mmoja akiugua mwingine hufika. Lakini jamu hajampikia tena, na mtu akimuuliza sababu humjibu bila kuficha, kuanzia asubuhi ile kwenye sinki.